Kichwa cha Trauti wa Ziwa Ruguta

Sogeeni karibu, na mwenye mahindi mdomoni atafune huku akisikiliza. Nikimaliza sitawaaga. Nitawauliza swali, na atakayejifanya hakulisikia ndiye atakayeosha vyombo.

Juu mlimani, mahali mianzi inapoishia na baridi inapoanza kuuma masikio, palikuwa na ziwa liitwalo Ruguta. Lilikuwa ziwa la kina kirefu, na ndani yake waliishi trauti, samaki wenye madoadoa ubavuni na nyama laini isiyomshinda hata mgonjwa. Watu wa Ruguta walikuwa na desturi moja ambayo hawakuifanyia mchezo. Mgonjwa akilishwa trauti, kichwa cha samaki huyo hakiliwi. Hutundikwa juu ya meko, kikauke kwa moshi, mpaka mgonjwa atoke nje kwa miguu yake mwenyewe. Siku hiyo mwanamke aliyempika samaki hukitwaa kichwa kwa mikono miwili na kumkabidhi mtu mmoja tu, yule aliyemleta samaki. Akikila, amekuwa mtoto wa nyumba ile. Ana kiti chake mekoni, hupashwa habari za harusi na za msiba kabla ya majirani, na akiugua ni watu wa nyumba ile watakaombeba. Na mtoto wa nyumba, kama mnavyojua, haoi kwao. Hilo la mwisho lishikeni vizuri.

Ruguta walikuwapo watu watatu waliosifika kila mmoja kwa lake. Fundi Onditi alikuwa na macho. Alikuja zamani kutoka mbali kuziba sufuria zilizotoboka, akakaa, na hakuna aliyekumbuka kumuuliza kama ana ndugu. Jioni zake alizimalizia ziwani, akilala kifudifudi juu ya chelezo cha mianzi na kuchungulia majini, na watoto walimcheka wakisema anajitazama kwenye kioo.

Mama Kendi alikuwa na vidole. Fundo alilofunga yeye halikufunguka ila kwa ruhusa yake. Alikuwa mjane wa mvuvi, mwenye binti mmoja aliyeolewa mbali, na mwenye mdomo usiokopesha maneno.

Mutwiri alikuwa na mkono. Samaki akigusa ndoana yake huko chini, alijua ni mkubwa au mdogo, ana njaa au anachezea tu. Alikuwa pia na neno lake na Nkatha, binti wa Mzee Mbaabu. Wazazi walikwisha kunywa chai pamoja, na mjomba wa Mutwiri alikuwa ameahidi kuja baada ya mavuno kulisema rasmi.

Basi homa ikampata Mzee Mbaabu. Ikamlaza, ikamkausha, kisha ikaondoka, lakini iliondoka na hamu yake ya kula. Uji aliutema. Mchuzi wa kuku aliupa kisogo. Muuguzi wa zahanati alimvuta Nkatha pembeni.

"Dawa nimempa, dada. Lakini tumbo tupu haliwezi kuitumia. Asipokula, mimi sina la kuongeza."

Nkatha akapiga magoti kando ya kitanda. Mama yake alikwisha kufa, na katika nyumba ile walikuwa wamebaki wao wawili. "Baba, niambie unachotaka, hata kama ni kitu cha kipuuzi."

"Trauti," mzee akasema kwa sauti ndogo. "Huyo nitamla. Hayo mengine wapeni wanaotaka kufa wameshiba."

Nkatha akacheka na kulia kwa pamoja.

Lakini kilikuwa kiangazi kikali. Maji ya juu yalikuwa vuguvugu, na trauti hapendi vuguvugu. Wote walikuwa wamezama chini kabisa kwenye baridi. Wanaume wa Ruguta walishusha ndoana zao zilizofungwa vitambaa vyekundu, kwa sababu babu zao walivua kwa nyekundu, na baba zao pia, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumkosoa babu yake. Walivuta majani ya majini tu. Nkatha akamwendea Fundi Onditi.

"Dada, mnamwonyesha samaki kitu asichokiona," fundi akasema.

"Nyekundu si ndiyo rangi ya trauti?"

"Huku juu, ndiyo. Mimi nimeteremsha nyuzi za kila rangi mle ndani nikizitazama. Nyekundu ndiyo hufa kwanza. Ikifika chini ni masizi tu. Nyeupe inabaki, na kijani kidogo. Tena kiwe chuma kizito, king'ae, kiyumbe kama kisamaki kilichoumia."

Bati la kuzibia sufuria lilikuwa jepesi mno. Fundi akaingia ndani, akakaa huko kitambo, akatoka na kijiko kikubwa cha kizamani. Nkatha alikifahamu. Kilikuwa cha marehemu mama yake fundi, kitu pekee alichotoka nacho nyumbani, na kila asubuhi alikorogea nacho chai.

"Fundi, hicho hapana."

"Mama alikuwa akilishia nacho wagonjwa," akasema. "Mwache arudi kazini."

Akakikata mpini kwa msumeno. Akatoboa matundu mbele na nyuma, akatia ndoana. Mgongo wa kijiko akaupaka rangi nyeupe, akapitisha mstari wa kijani kwa rangi iliyobaki walipopaka mlango wa kanisa, na ndani akakiacha king'ae. Mpini aliutia mfukoni bila kuutazama.

Kijiko kikapatikana, mshipi haukuwapo. Mishipi ya wanaume ilikuwa mifupi, ya kuvulia juu. Mshipi mrefu wa kufika chini Ruguta nzima ulikuwa mmoja, wa marehemu mume wa Mama Kendi, na Mama Kendi alikuwa ameutandaza juu ya nguzo shambani ili mikarakara yake ya matunda ya pasheni itambae. Mwaka huo mikarakara ilikuwa imechanua kuliko mwaka wowote. Isitoshe, yeye na Mzee Mbaabu hawakuwa wakisalimiana kwa ajili ya ugomvi wa ua wa mpakani. Nkatha alifika shambani. Akasimama tu akitazama maua.

"Sema, mwanangu. Maua hayatakusaidia."

Nkatha akasema. Mama Kendi akamsikiliza mpaka mwisho.

"Huyo baba yako alinitukana mbele ya watu."

"Ndiyo, mama."

"Alisema ng'ombe wangu ananizidi akili."

"Ndiyo, mama. Alisema."

"Basi apone aje aniombe msamaha. Akifa nitamdai nani?"

Akachukua kisu. Mikarakara ikaanguka chini na maua yake, na Nkatha akaziba mdomo kwa mkono. Mama Kendi hakugeuka nyuma. Aliupima mshipi kipande kwa kipande kwa meno, akakata sehemu zote zilizoungua kwa jua, akaziunga zilizobaki kwa mafundo madogo ambayo ukiyapitisha kati ya midomo huyasikii. Mwishoni akafunga jiwe la kuzamishia, nalo akalifunga kwa uzi dhaifu kwa makusudi. "Likikwama kwenye miamba, jiwe litakatika lenyewe," akasema. "Kijiko cha mama wa watu kitarudi."

Alfajiri Nkatha akaupeleka mshipi na kijiko ziwani. Mutwiri alikuwa ameshaweka chelezo majini. Hawakusalimiana kama siku nyingine.

"Ukimvuta wewe, unajua watu watasema nini kuhusu kichwa," Nkatha akasema.

"Najua."

"Anaweza kuvuta mtu mwingine."

"Nani? Mtaje."

Nkatha akatafuta jina moyoni, hakulipata. Kwa samaki wa kina kile, mikono mingine yote ingekata mshipi. Mutwiri akasukuma chelezo.

Kutoka ufukoni Nkatha alimwona akishusha mshipi mpaka jiwe likagusa chini, akiinua kidogo, akikitikisa kijiko kwa ncha za vidole. Jua likatoka, likapanda. Kisha akamwona ametulia ghafla. Trauti alikuwa amekamata.

Hapo, wasikilizaji wangu, pana kitu ambacho Nkatha alikiona na hakukisahau. Samaki alikimbia kwa nguvu, na Mutwiri alikuwa na njia rahisi. Angekaza mkono kidogo tu, mshipi ungekatika. Nani angemlaumu? Wangesema samaki alikuwa mkubwa, wakampa pole na chai, na baada ya mavuno mjomba wake angekuja kama alivyoahidi. Nkatha aliyajua hayo yote pale aliposimama, na aliona kwamba Mutwiri pia anayajua, kwa sababu aliinua kichwa akamtazama. Kisha akalegeza mshipi. Akampa samaki nafasi, akamrudisha, akampa tena, akamrudisha, mpaka viganja vikachanika. Alipofika ufukoni alimweka trauti miguuni pa Nkatha.

"Kimbia," akasema. "Mzee asingoje."

Nkatha akampika kwa chumvi kidogo na moto mdogo, na kichwa akakitundika juu ya meko. Mzee Mbaabu alikula kipande. Akala cha pili. Akaomba mchuzi, akaunywa, akalipangusa bakuli kwa kidole kama mtoto. "Mpishi naye si mbaya," akasema, akalala usingizi wa kweli. Kesho yake akauliza kama uji upo. Nkatha alitoka nje, akakaa nyuma ya jiko peke yake, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akawashukuru wale watatu kwa majina yao, mmoja mmoja, ingawa hawakuwapo.

Siku zikapita. Asubuhi moja mzee akaamka, akavaa koti, akatoka nje bila kushikwa. Akaenda moja kwa moja mpaka uani kwa Mama Kendi.

"Nisamehe, mama. Ng'ombe wako hakuzidi akili. Mnalingana."

Mama Kendi akacheka mpaka akashika ua. Habari zikaenea, watu wakaja, chai ikamiminwa. Nkatha akakitungua kichwa juu ya meko na kusimama nacho mbele yao, amekishika kwa mikono miwili.

"Nina baba leo," akasema, na machozi yakamtoka. "Fundi, mama, Mutwiri, nina baba kwa ajili yenu. Asanteni. Sina neno kubwa kuliko hilo."

Akamtazama baba yake ili amsaidie. Mzee akatikisa kichwa. "Mimi nimeshakula. Kukabidhi ni kazi ya mpishi."

Mama Kendi hakuficha. "Mimi nakitaka," akasema. "Nimechoka kuugua peke yangu, binti yangu akisikia baada ya wiki. Na pasingekuwa na mshipi, pasingekuwa na samaki."

Fundi Onditi alikuwa ameshika mpini wa kijiko mfukoni. "Mimi sijui kuomba," akasema. "Ila siku nitakayokufa, sijui atakayeambiwa kwanza ni nani."

Watu wote wakamgeukia Mutwiri. "Nilimvuta nikijua," akasema. "Usininyime kwa kunipenda, Nkatha. Nyumbani kwetu watauliza ni kwa nini mvuvi hakupewa haki yake."

Nkatha akaona ilivyo. Akimpa fundi au Mama Kendi, kijiji kitasema amemnyang'anya Mutwiri haki yake ili apate mume, na pengine kitakuwa kimesema kweli. Akimpa Mutwiri, atakuwa amepata kaka, si mume, na mjomba hatakuja. Na yeyote atakayempa, wawili watarudi nyumbani mikono mitupu baada ya kumrudishia baba yake.

Na wewe uliyekwisha fungua mdomo huko nyuma kusema kigawanywe mara tatu, funga. Ruguta wakikigawa kichwa, maana yake ni kwamba samaki huyo hakuletwa na mtu, alijileta mwenyewe. Hayo ni matusi kwa wote watatu, na baada ya wema kama ule, Nkatha hawezi kuwatukana.

Chai inapoa. Amesimama pale, na watu watatu anaowapenda wanamtazama. Haya, wewe ungemkabidhi nani?