Wimbo Uliokosa Mwisho

Wapendwa, palikuwa na kwaya moja iliyokwenda studio kurekodi. Wimbo ulikuwa mtamu, ila mwisho wake uliwashinda. Besi wakimaliza, soprano bado wanapanda. Fundi mitambo akamwambia mwalimu wao, "Mwalimu, msijitese. Nyie rudieni kiitikio, mimi nitashusha sauti polepole mpaka ipotee. Watu watadhani mnaelekea mbinguni!"

Wakacheka. Mama mmoja, mwimbishaji wao, hakucheka. "Na siku tukiimba bila mashine, mwalimu, tutaishia wapi?"

"Mama nawe! Roho atatuongoza."

Wimbo ukavuma. Hata ibadani walikuwa wakifuatisha CD, kwa hiyo mwisho haukuwasumbua. Ndipo mama yule akafiwa na binti yake. Akaomba wimbo ule uimbwe makaburini, maana marehemu aliupenda. Kule hakuna umeme. Jeneza likashushwa, kwaya ikaanza. Kiitikio mara ya tano, mara ya nane. Mkono wa mwalimu uko juu, hajui aushushe lini. Wanaume wamesimama na makoleo. Mwimbaji mmoja akanyamaza kwa aibu, mwingine akajifanya anakohoa, hadi ikabaki sauti moja tu: ya mfiwa.

"Mwalimu," akasema, "mbona mmeniacha?"

Wewe ungejibu nini?

Msiwacheke. Sisi ndio wale. Msiba ukitokea, siku ya kwanza tunajaa uani mpaka viti havitoshi. Siku ya tatu tuko wachache. Mwezi ukipita ni salamu za simu, halafu kimya. Hatugombani na mtu, wala hatumuagi. Tunashusha sauti tu. Na neno la kushushia tunalo: "Nitapita."

Mimi ninayesema hapa nina dhambi hiyo. Nilimwambia mzee mmoja mgonjwa, wa kanisa hili hili, "Baba, nitapita." Mara nne nilimwambia. Siku niliyopita kweli, nilikuta wanasimamisha turubai la msiba. Mjane hakunilaumu. Alisema tu, "Mchungaji, kila akisikia hodi alikuwa anauliza kama ni wewe."

Ndugu yangu, nani anasubiri hodi yako? Ukitoka hapa nenda, kabla hujala. Na kama huwezi, mwambie wazi huwezi, amwite mwingine amshike mkono. Mimi sikumwambia, naye hakumwita mtu. Alikufa akinisubiri.