Zimwi Lililomeza Mchana

Sogeeni motoni, wanangu, niwape la kale.

Huko milimani kwenye baridi, zimwi liliumega mchana kila siku, hata ukawa mfupi kupita kiasi. Watu wakalipelekea mbuzi, wakisema, "Likishiba litatuhurumia." Halikushiba. Ulezi shambani ukaoza kwa kukosa jua, na mtoto wa mama mmoja aitwaye Sekela akafa kwa baridi.

Sekela hakulia. Alipanda hadi pangoni, hasira zimemjaa.

"Zimwi, rudisha mchana wetu!" Likacheka.

"Rudisha mchana wetu!" Likapiga miayo.

"Rudisha, mlaanifu we!" Likapanua kinywa limmeze. Sekela akauzamisha mkono kooni, akaushika mchana uliokuwa moto kama kaa, akauvuta huku ngozi ikiungua. Zimwi likatapika, likapasuka.

Tangu hapo mchana ukaanza kurefuka tena. Watu wakamlaki kwa vigelegele. "Shujaa wetu!"

Sekela akawaonyesha mkono ulioungua. "Njia ya pangoni mliijua nyote, maana mlipitisha mbuzi. Mwanangu alipokuwa akitetemeka, mlishindwa nini?"

Vigelegele vikakatika.

Nami naishia hapo. Mwenye jibu lao, alitoe.