Kwa Nini Kuku Huchakura, Kisha Huinamisha Kichwa

Zamani kuku hakujua kuchakura. Alikuwa mama wa kukaa kivulini, katandaza mbawa, chakula anaokota juu juu na umbea unamfuata mwenyewe. Lakini ardhi ya enzi hizo ilikuwa na tabia mbaya ya kutetemeka, na kila ukoo ulikuwa na ishara yake. Kwao Punda, mlio wake ulimaanisha "tokeni nje." Kwao Mbuzi, mlio huohuo ulimaanisha "simba yuko nje, ingieni pangoni." Na majirani wale, waliojuana hadi nani kamnunia mkewe, hilo hawakuwahi kuulizana!

Ardhi ikatikisika. Punda akalia kwa nia njema kabisa. Mbuzi wakakimbilia pangoni na watoto wao, pango likawafunika.

Kuku aliliona lile vumbi. Naye alikuwa akiatamia mayai tisa chini ya jabali lililokuwa jirani na pango hilo. Tangu hapo jani likianguka, moyo unamruka.

Tembo, mkuu wa nchi, akaunda Baraza la Mtetemo. Fuko, mchimba mashimo aishiye ardhini, asikilize chini, Kuku achakure apokee neno, Punda alie. Na akilia, kila ukoo utoke nje.

"Mmbea huyu ndiye mjumbe?" Punda akacheka.

"Afadhali mimi, shemeji. Wewe ulilia, tukazika."

Punda akatazama kwato zake.

Basi kila asubuhi Kuku alichakura. "Jirani, kuna nini huko?"

"Kimya tu, dada," Fuko humjibu.

Hata siku mayai yalipoanza kugongwa kwa ndani, Fuko alijibu kwa sauti nyembamba: "Inakuja. Kimbia."

"Na wewe?"

"Mimi kwetu ni huku huku."

Kuku aliyatazama mayai yake. Kuku habebi yai. Akageuka, akakimbia kwa Punda, wala hakutazama nyuma. Punda akalia, nchi nzima ikatoka nje, hata mbuzi waliosalia. Kisha jabali likaporomoka.

Kesho yake Kuku akachakura. "Jirani, kuna nini huko?"

Hakujibiwa.

Na tangu siku hiyo kuku huchakura mara mbili, hurudi nyuma, huinamisha kichwa. Watu husema anatafuta mchwa. Akimwona humdonoa, ndiyo, njaa haijui msiba. Lakini anasikiliza. Kimya ndicho kinachomjibu, naye hajui kama ni kimya cha salama, au ni cha jirani asiyeweza tena kusema.