Chaneli Mia Moja na Ishirini za Bwana Fisi

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa mkorosho, na televisheni shinani.
— Na nani aliyetazama?
Mama Kindi na wanawe watatu.
— Na nani aliyekula?
Tulieni, mtamwona.

Hapo kale, lakini si kale sana, Bwana Fisi alikuwa na waya. Waya ulitoka kwenye dishi la paa lake, ukapita msituni, ukaingia kwa Sungura, ukaingia kwa Ngiri, ukaingia kwa Mama Kindi. Kila nyumba Fisi aliweka king'amuzi, na kila Ijumaa alipita na kapu lake. Kwa Sungura alizoa karoti. Kwa Ngiri alizoa mihogo. Kwa Mama Kindi alizoa korosho.

Mama Kindi alitazama chaneli mbili tu: ya katuni za watoto, na ya tamthilia ya saa kumi na moja. Lakini Fisi hakuuza chaneli mbili.

"Kifurushi ni kimoja," alisema. "Chaneli mia moja na ishirini. Uzitazame, usizitazame, kapu ni lile lile."

Kapu likaja tupu, likaondoka limejaa. Likaja tupu, likaondoka limejaa. Masika ikaingia, mkorosho ukawa hauzai, na ghalani zikabaki korosho za kufunika sakafu tu. Mama Kindi akawa anajifanya ameshiba ili watoto wamalize.

Jirani yake, Bibi Kobe, aliliona hilo. Alikuja polepole, kwata, kwata, kwata, akiwa na simu aliyotumiwa na mwanawe.

"Mwanangu, achana na waya. Njoo tutazame kwa intaneti yangu. Humu unachagua unachokitaka, unakitazama saa unayotaka."

"Nitakulipa nini, bibi?"

"Unishikie simu. Miguu yangu mifupi, nikiishika mwenyewe naona vidole tu."

Mama Kindi akacheka kwa mara ya kwanza tangu masika ianze. Akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Bwana Fisi. Nimekuja kukuambia uchukue king'amuzi chako."

"Marahaba. Hi hi hii. Umesahau masharti? Anayetaka kutoka lazima kwanza azimalize chaneli zote. Na atakayeukata waya kabla ya hapo, nyumba yake inakuwa ya mwenzake. Ule mkorosho una kivuli kizuri, mama. Nauona kila Ijumaa."

Mama Kindi alirudi nyumbani. Mkorosho ukienda, watoto watalala wapi? Akakaa, akawaza, akawakuna watoto vichwa, akawaza tena. Asubuhi akarudi kwa Fisi na uso mkunjufu.

"Nimekubali, Bwana Fisi. Nitazimaliza zote, kila chaneli kipindi kizima. Ila nataka shahidi, na shahidi mzuri ni mwenye waya."

"Na chakula je?"

"Nimepika kande, chungu kizima. Lakini desturi ya msitu unaijua. Shahidi hali mpaka ushahidi uishe. Akila katikati, watasema amehongwa."

Fisi akapiga hesabu yake: chungu kizima, na mkorosho juu yake. Akaja bila hata kupata kifungua kinywa, ili tumbo liwe na nafasi.

Wakaketi shinani. Majirani nao wakaja kutazama: Sungura, Ngiri na Bibi Kobe.

Chaneli ya kwanza, mtu anauza masufuria. Wakatazama mpaka mwisho. Chaneli ya pili, mtu yule yule, masufuria yale yale. Wakatazama mpaka mwisho. Chaneli ya tatu, watu wanazungumza lugha isiyojulikana na yeyote msituni. Wakatazama mpaka mwisho.

Tumbo la Fisi likasema ngurrr.

"Mama Kindi, hizi nyingine tuziruke."

"Tuziruke vipi, Bwana Fisi? Si ulisema zote?"

"Nilisema tu."

"Nami natazama tu."

Sungura akakohoa ili asicheke. Jua likapanda, likafika utosini. Chaneli ya nane, chaneli ya tisa. Chungu cha kande kilikuwa pale pale, kimefunikwa, kinanukia. Fisi akakisogelea, majirani wakamtazama. Akarudi nyuma.

Chaneli ya kumi ilikuwa ya mapishi. Mbavu zinageuzwa juu ya makaa, chwaa, chwaa. Supu ya utumbo inachemka, bwata, bwata. Udenda wa Fisi ukaanza kudondoka, to, to, to. Akainamisha uso asione nyama, ndipo alipouona waya. Mnene, laini, umejikunja kunja kama utumbo wa mbuzi.

Alitaka kuulamba tu. Akalamba. Halafu akataka kuonja tu.

Kwaru, kwaru, kwaru. Pa!

Televisheni ikazimika.

"Nani kaukata waya?" akauliza Bibi Kobe, taratibu.

Kipande cha waya kilikuwa kinaning'inia mdomoni mwa Fisi kama tambi.

"Kwa hiyo nyumba ya Bwana Fisi ni ya Mama Kindi," akasema Ngiri. "Masharti ni yake mwenyewe."

Masikio ya Fisi yakalala. Mama Kindi akamwangalia. Akayaona macho ya mtu mwenye njaa, na njaa alikuwa anaijua.

"Nyumba yake ibaki yake, inanuka mifupa," akasema. "Aniachie mkorosho wangu, asije tena na kapu kwa yeyote. Na sasa ushahidi umeisha. Ale."

Akamfunulia chungu. Fisi akala huku ameinama, na alipomaliza akakiosha chungu mwenyewe, jambo ambalo mama yake hakuwahi kuliona. Saa kumi na moja wote walikaa kuizunguka simu ya Bibi Kobe, Mama Kindi ameishika, na Fisi alikuwa wa kwanza kulia tamthilia ilipofika penye huzuni.

Basi wanangu, mafundisho ya ngano hii ni kwamba masharti ya mkubwa hayapingwi. Yafuateni yote, neno kwa neno, mpaka la mwisho. Ila mwenyewe mkalisheni karibu, na asubuhi yake awe hajala.

Mimi nimeinywea maji ngano yangu, imeshuka. Anayetaka kuitafuna tena, na aitafune, ila asiguse waya.