Mahindi Yaliyooshwa

Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Macho ni tunu, na aliyeyapoteza huongozwa kwa kushikwa mkono maisha yake yote. Hata hivyo, kipofu mwenye moyo hai hubaki mtu kamili, kwa kuwa utu wake haujaondoka. Bali aliyekufa moyo huona kila kitu, akapita kimya kama jiwe la barabarani. Wengi huitamka methali hii kwa mdomo tu. Ernestine aliijua kwa mwili wake.

Ernestine alizaliwa Katumba, katika makazi ambayo wazazi wake walipokelewa walipokimbia Burundi. Alikulia hapo, akasomea hapo, na alipokuwa mtu mzima familia yao ikapewa uraia wa Tanzania pamoja na majirani wengi. Aliolewa na Audace, fundi cherehani, wakahamia Mpanda mjini, mkoani Katavi, na kujaliwa binti mmoja, Emelyne. Kwa miaka sita alifanya kazi katika kiwanda cha unga pembezoni mwa mji. Alipima unyevu wa mahindi kabla hayajaingia mashineni, kisha akatia sahihi karatasi ya ubora iliyofuatana na kila shehena. Alikuwa makini kama sonara. Wenzake walimtania kwamba hata mboga za nyumbani kwake huzipima kabla ya kuzitia chumvi.

Asubuhi moja ya Agosti, vumbi likiwa limetanda na majani ya miombo yamekauka kama karatasi, alichota mahindi kutoka gunia la juu la rundo la mashariki akayatia kwenye kipimo. Kipimo kikasoma asilimia kumi na tisa. Alikunja uso. Mvua ilikatika tangu mwezi wa tano. Mahindi ya msimu ule hayakuwahi kuzidi kumi na tatu. Akakifuta kifaa kwa kitambaa, akapima gunia la pili, la tatu, la nne. Yote yalikuwa na maji.

“Haya yameloweshwa,” alijisemea.

Akamwaga punje kiganjani na kuzitazama moja moja. Kwenye ncha, pale punje inaposhikana na gunzi, kulikuwa na wekundu hafifu, kama doa lililofuliwa likagoma kutoka. Wekundu ule kila mkulima wa Katavi anaujua. Ni rangi ya dawa ya sumu inayopakwa mbegu za kupanda, ili kila azionaye ajue kwamba hicho si chakula.

Alizunguka nyuma ya ghala. Huko alimkuta Manyanda, mpakiaji wa siku nyingi, mwenyeji wa Shinyanga aliyefika Katavi na ng'ombe wa baba yake. Alikuwa amechuchumaa kando ya pipa, mikono imekuwa myekundu hadi kwenye viwiko. Mifuko mitupu ya mbegu, yenye alama ya fuvu la kichwa, ilikuwa ikiungua taratibu shimoni.

“Manyanda, unaosha nini?”

“Mahindi, dada. Bosi kasema ni mbegu zilizopitwa na wakati. Tunaosha mara tatu, tunaanika, basi.”

“Na mikono hiyo?”

Manyanda aliificha nyuma. “Inawasha kidogo. Dada, mimi nina watoto watano. Usiniulize sana.”

Ernestine alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja, Bwana Ponsian. Alikuwa mtu wa maneno laini kama mlenda, na siku zote alimkaribisha kila aingiaye kwa soda.

“Bosi, mahindi ya lile rundo la mashariki ni mbegu zenye dawa. Sitaweza kuyatilia sahihi.”

Ponsian hakushtuka. Hapo ndipo Ernestine alipoanza kuogopa.

“Kaa chini, mama. Yameoshwa.”

“Dawa ile haitoki kwa maji. Na unga huu unakwenda wapi?”

“Kesho asubuhi unakwenda shule ya bweni, njia ya Kasokola. Wanausubiri.” Akasogeza kiti chake karibu, sauti ikashuka. “Ernestine, wewe ni mtu wa Katumba, siyo? Wazazi wako walikuja kwa miguu nchi hii. Karatasi zenu, unajua, zinaweza kuangaliwa upya wakati wowote. Mtu akiandika barua tu, mnaanza kuitwa huku na huku. Mimi sitaki hayo yakupate. Wewe tia sahihi yako, urudi kwa mwanao.”

“Mimi nimezaliwa hapa, bosi.”

“Sasa ukizaliwa hapa ndiyo nini? Nani atakusadiki wewe aniache mimi?”

Ernestine alisimama, akatoka bila kutia sahihi.

Jioni alimweleza mumewe. Audace aliacha kukanyaga cherehani. Alisikiliza hadi mwisho, akashika kichwa.

“Mama Emelyne, sisi nchi hii tulipewa. Mtu aliyepewa hapigi kelele.”

“Kwa hiyo tuwaache wale watoto wale sumu?”

“Sijasema hivyo. Nimesema acha kazi. Sema unaumwa, kaa nyumbani. Usiwe wewe wa kusema.”

“Nikikaa nyumbani, watapona?”

Binti yao alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele, akiwatazama kwa zamu. Wakala chakula, na ladha yake hakuna aliyeisikia.

Kulipokucha, Ernestine alifunga zile punje alizotoka nazo kiwandani kwenye pindo la kitenge, akaenda kwa afisa afya. Dafrosa alikuwa mama mwenye miwani, mkavu wa maneno, ila alisikiliza kwa makini. Alizitandaza punje juu ya karatasi nyeupe, akazigeuza kwa ncha ya kalamu, na uso wake ukabadilika.

“Umefanya vizuri kuja. Jina lako halitatoka hapa ofisini. Nitaandika amri ya kuzuia shehena, na sampuli itakwenda maabara. Majibu yatachukua wiki mbili hivi.”

“Wiki mbili? Lori linaondoka leo!”

Dafrosa alipiga simu shuleni mara tatu bila kupokelewa. Gari la ofisi lilikuwa vijijini tangu jana. “Likirudi mchana nakwenda mwenyewe,” alisema. “Wewe nenda nyumbani ukatulie, mama. Ukionekana tu, watajua.”

Ernestine alitoka na kusimama kando ya barabara. Kabla hajapiga hatua, lori la kiwanda likapita mbele yake likielekea Kasokola, turubai limefungwa juu ya magunia. Dereva Hezron hakumwona. Akienda nyumbani, jina lake lingebaki salama ndani ya droo ya Dafrosa. Lakini gari la ofisi lingeweza kuchelewa, na watoto wa bweni hula saa saba.

Akasimamisha bodaboda. “Fuata lile lori. Ukilipita ni vizuri zaidi.”

Hawakulipita. Pikipiki ilipata pancha njiani, fundi akachelewa kupatikana, na walipofika shuleni karibu saa saba magunia yalikuwa yameshashushwa. Jikoni moshi ulipanda. Mpishi mmoja alikuwa ameshamimina debe la unga ule mpya kwenye beseni, na maji ya ugali yalikuwa yakitokota. Wanafunzi wa kwanza walianza kujipanga na sahani zao, wakicheka.

“Msitie unga!” Ernestine alipaza sauti akikimbia. “Jamani, msitie unga huo!”

Mkuu wa shule alitoka ofisini kwake kwa hasira. “Nini hiki? Wewe ni nani?”

“Mwalimu, unga huu una sumu. Mahindi yake ni mbegu zilizotiwa dawa.”

“Nani amekutuma? Huu umepimwa.” Akamwonyesha karatasi ya ubora. “Hii hapa sahihi.”

Ernestine aliitazama. Herufi zilikuwa zimeigwa vizuri sana. Pembeni, dereva Hezron alikuwa ameshatoa simu na kuiweka sikioni, akimkazia macho. Ernestine alielewa kwamba neno lake lijalo ndilo litakalomfunga. Kelele za mpita njia hazingemwaga unga wa shule nzima. Ingehitaji mtu mwenye jina.

Akaweka kidole juu ya sahihi ile. “Mwalimu, jina hilo ni langu. Mkono ulioliandika si wangu. Mimi ni Ernestine, ndiye mpimaji wa kiwanda kile. Mahindi haya niliyakataa jana. Ikiwa nasema uongo, nifungwe mimi.”

Hezron alisema kwenye simu, kwa sauti ya kusikika, “Ndiyo, bosi. Ni yeye. Yuko hapa hapa.”

Mkuu wa shule alimtazama Ernestine, akaitazama ile foleni ya sahani. “Ipua sufuria,” alimwambia mpishi. “Na huo unga usiguswe na mtu.” Siku ile watoto walikula maharage matupu, na wengi walinung'unika.

Dafrosa alifika alasiri akayafunga magunia yote kwa lakiri. Kesho yake kiwanda kikafungwa kupisha uchunguzi, na ndipo masaibu ya Ernestine yalipoanza. Barua ya kuachishwa kazi ililetwa nyumbani, ikimwita mtovu wa nidhamu. Wanawake thelathini waliokuwa wakichambua mahindi wakapoteza kibarua siku hiyohiyo. Sokoni alikutana na Lucia, mmoja wao na shoga yake wa miaka sita.

“Umefurahi sasa?” Lucia alimwambia mbele za watu. “Umewaokoa watoto wa wenzio, wa kwetu wanalala njaa. Usiniamkie tena.”

Wateja wa Audace wakapungua mmoja mmoja. Jiwe lilitua juu ya bati lao mchana kweupe. Shuleni Emelyne akaitwa mtoto wa mchongezi. Na kama Ponsian alivyoahidi, barua isiyo na jina ikaandikwa, na Ernestine akaitwa kuhakikiwa uraia wake. Mara ya kwanza alikwenda peke yake. Mara ya pili vilevile. Alirudi akajifungia chumbani akalia hadi sauti ikakauka.

Mara ya tatu Audace alifunga cherehani, akavaa koti lake la kanisani. “Leo twende wote,” alisema. Afisa alipouliza tena maswali yaleyale, Audace aliweka mezani vyeti vyao vyote, kimoja baada ya kingine. “Mheshimiwa, mke wangu hajaiba wala hajaua. Amekataza watoto wa nchi hii wasile sumu. Kama hiyo si kazi ya raia, nifundishe kazi ya raia ni ipi.” Afisa alizikagua karatasi kwa muda mrefu, akagonga muhuri, akafunga jalada.

Majibu ya maabara yalirudi: unga ulikuwa na sumu ya kutosha kuwadhuru vibaya walaji. Manyanda, ambaye kwa wakati huo alikuwa amelazwa akitetemeka na kutapika, aliomba mwenyewe kutoa ushahidi alipopata nafuu. Ponsian alifikishwa mahakamani.

Kesi iliposikilizwa, wakili wa Ponsian alimgeukia Ernestine. Chumba kilikuwa kimejaa, na Lucia alikuwa kiti cha nyuma, ameinamisha kichwa.

“Shahidi, ulijua kwamba ukienda shuleni utapoteza kazi?”

“Nilijua.”

“Ulikuwa na mtoto katika shule ile?”

“Hapana.”

“Ndugu, labda?”

“Hapana.”

“Basi ulikwenda kutafuta nini?”

Ernestine aliwaza kidogo, kana kwamba anatafuta jibu zuri zaidi, asilione.

“Nilikwenda kuwaambia wasile.”

Hakimu aliandika maneno hayo taratibu, na chumba kizima kilisikia kalamu ikitembea.

Ponsian alipatikana na hatia. Kiwanda kilifunguliwa msimu uliofuata chini ya mpangaji mpya, wanawake wakarudi kuchambua mahindi, na Ernestine hakuitwa. Sasa analima mpunga katika kijiji cha Mamba kwenye shamba la kukodi, mgongo unamuuma na viganja vimeota sugu. Wapo wanaomsalimu, na wapo wanaovuka barabara wakimwona. Shuleni, watoto ambao hawamjui hata kwa sura hujipanga kila siku na sahani zao, wakicheka. Alipoteza mengi ambayo macho huyaona, akabaki na kile ambacho barua ya meneja isingeweza kumwachisha. Hakika, heri kufa macho kuliko kufa moyo.