Zimwi la Beseni la Miyaa

Paukwa! Itikieni kwa nguvu, midomo hamkupewa ya kulia wali tu.

Palikuwa na msuka mikeka, Mize. Mikono yake ilijua kazi, lakini yeye kutwa kalala ubavu, miyaa, yale majani ya kusukia, imelowekwa kwenye beseni.

"Mize, mkeka wangu wa harusi?" jirani anauliza.

"Hamu haijanijia, dada."

Miyaa ikaoza. Maji yakawa mazito kama makamasi, funza wakaogelea, uvundo ukafika msikitini. Phu!

Siku moja zimwi likachomoza humo beseni, linachuruzika ute.

"Mize, unasuka?"

"Hamu haijanijia."

"Basi kidole hiki hakina kazi." Likakinyofoa, likakitafuna kama muwa.

Kesho yake likarudi. "Mize, unasuka?"

"Hamu haijanijia."

Kidole cha pili hicho! Na mjinga yule akalala tena.

Siku ya tatu likashika mkono mzima. "Mize, unasuka?"

Mize akavuta miyaa ile ile iliyooza, akaanza kusuka ukili, ule utepe wa kushonea mkeka. Ukatoka umepinda, unanuka.

Zimwi likacheka. "Uchafu gani huo?"

"Uchafu wangu. Sogea, unaniziba mwanga!"

Mkono uliokuwa kazini haukulika. Zimwi likayeyuka, likawa tope.

Mize akamwaga beseni, akaloweka miyaa mipya, akaendelea kusuka. Hiyo hamu ilikuja alasiri, ikamkuta ameshafika mbali.

Vidole? Havikurudi, msinitazame hivyo. Ngano yangu imekwisha. Anayenuka uvivu akaoge.