Kasuku Hashibi Mtama

Hivi nyinyi mmewahi kumwona ndege akijinyonyoa kwa mdomo wake mwenyewe, unyoya baada ya unyoya, na huku bakuli lake la chakula limejaa pomoni? Hamjamwona. Ndiyo maana mlinitolea macho niliposema, "Kasuku hashibi mtama," yule jirani alipokuwa anajisifu hapa kwamba mama yake huko kwao hakosi unga wala mafuta. Mmoja wenu akaninong'oneza, "Bibi, mbona kasuku anakula mtama?" Kula anakula, mjukuu wangu. Mimi nimesema kushiba. Sogeeni basi, na huyo anayechambua mkeka wangu auache, maana neno hili lina kwao. Kwao ni Ujiji, na lilizaliwa hivi.

Palikuwa na mama mmoja, mjane, jina lake Bi. Mayasa, fundi wa kofia. Si hizi kofia za mashine mnazozijua. Yeye alitoboa kitambaa kwa mkono, akazungushia kila kitobo uzi, kitobo kwa kitobo, mpaka ua likatokeza. Kazi ile haitaki maneno. Fundi anahesabu moyoni, na akiitikia salamu tu hesabu imepotea, itabidi afumue. Kwa hiyo watu wa mtaa wakipita barazani kwake walipita wakinyata, kama wapitao mbele ya watu wanaosali. Walimheshimu. Na heshima ile ndiyo iliyomfungia mlango.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sudi, mfanyabiashara wa chumvi ya Uvinza. Sudi hakuwa mtoto mbaya, msije mkamwelewa vibaya. Kila akifika Ujiji alikuja kwa mama yake. Lakini alikuja vipi? Alisimama kizingitini, viatu mguuni, mikono imejaa vifurushi.

"Shikamoo mama. Hujambo? Huu mchele, hii sukari, na hicho ni kitenge. Gari linanisubiri."

Bi. Mayasa huwa ana neno la kumwambia. Amelikalia tangu safari iliyopita, amelipanga vizuri kama anavyopanga vitobo vyake. Kisha anasikia lori likinguruma nje, dereva anapiga honi, naye analimeza.

"Marahaba, baba. Nenda salama."

Siku moja Sudi akaja na tundu. Ndani yake kasuku wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva, kanunuliwa kwa watu wa ng'ambo ya ziwa.

"Mama, usijione tena uko peke yako," alisema, na uso wake unang'aa kwa furaha. "Huyu ndiye badala yangu. Mtunze kama ungenitunza mimi."

Akaacha na gunia la mtama, akarukia lori lake.

Bi. Mayasa akamtunza kweli. Mtama aliupepeta, akatoa mawe, akauosha. Maji alibadilisha asubuhi na jioni. Tundu alilitundika dirishani penye upepo. Lakini kazi ni kazi. Akishika sindano, mdomo unafumba, na nyumba inanyamaza hivi kwamba unasikia uzi ukipita kwenye kitambaa.

Sasa kasuku, wanangu, hujifunza kile kilichopo. Nyumba ile ilikuwa na nini cha kujifunza? Ilikuwa na komeo la mlango, la chuma, linalolia *kriii* mgeni akilivuta. Na ilikuwa na neno moja, "Nani?", ambalo Bi. Mayasa hulisema akisikia komeo. Basi ndege akayashika hayo mawili.

*Kriii.*

Bi. Mayasa anaweka kofia chini, anajitanda kanga, anakwenda mlangoni. Hakuna mtu. Anarudi, anaketi, anatafuta hesabu yake.

*Kriii.* "Nani?"

Anainuka tena. Anajua kabisa kwamba ni ndege, lakini miguu haijui. Je, safari hii akiwa ni Sudi? Anafungua, anatazama njia huku na huku, anafunga. Akirudi anamkuta kasuku naye ameng'ang'ania waya wa tundu, shingo kaielekeza mlangoni. Kisha ndege anashuka, anakwenda upande huu wa kijiti, anarudi upande ule, huku, kule, huku, kule, kama mtu anayengojea habari ya mgonjwa. Ikawa hivyo kutwa nzima: mmoja anainuka na kuketi, mwingine anakwenda na kurudi, na kofia haimaliziki.

Ndipo manyoya yakaanza kudondoka. Kwanza Bi. Mayasa alidhani ni husuda; akamfukizia ubani. Kisha akadhani ni utitiri. Akamwogesha maji ya mwarobaini, ndege akamng'ata kidole. Akamwekea hata machikichi, maana aliambiwa huko msituni kwao ndicho chakula chao. Ndege akayaonja, akayaacha. Mtama wa kila rangi ulikuwa bakulini.

Mchana mmoja komeo lililia, Bi. Mayasa akaenda, hakuna mtu. Aliporudi alimkuta kasuku anajing'oa unyoya wa kifuani, na pale ulipotoka pana tone la damu. Kifua kizima kilikuwa kipara.

"Alaa! Kumbe na wewe unangojea," alimwambia.

Akakaa chini kando ya tundu. Kofia siku ile hakuigusa tena.

Nyuma ya nyumba yake, ng'ambo ya uchochoro, palikuwa kwa Bi. Chausiku, mkamuaji wa mawese. Kwake hakunyamazwi. Wakwe zake, majirani, na mabinti wao walishinda uani pale, huyu anachemsha chikichi kwenye pipa, huyu anatwanga, wale wamezunguka kigae wanagonga kokwa kwa mawe. Na midomo yao iligonga zaidi ya mawe. Kasuku akisikia kelele zile zikivuka ukuta, huacha kutembea, akainamisha kichwa, akasikiliza.

Bi. Mayasa aliliona hilo. Aliliona siku nyingi, na kila alipoliona alitazama pembeni. Ampeleke vipi? Zawadi ya mtoto haitolewi zawadi. Tena si zawadi tu; kaambiwa, "Huyu ndiye badala yangu." Sudi akija akakuta tundu limekwenda kwa jirani, si atasema mama kamtoa yeye? Na huko kusimama kizingitini, japo ni kidogo, si atakukata kabisa? Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Ndege anakufa mikononi mwake, na akimwokoa huenda akampoteza mwana.

Hata hivyo asubuhi alilifunika tundu kanga, akavuka uchochoro.

"Hodi humu."

Ua mzima ukageuka kumtazama. Bi. Mayasa hajawahi kupiga hodi pale.

"Karibu, shoga. Kuna msiba?" Bi. Chausiku aliuliza, mikono yake myekundu kwa mawese.

"Hakuna msiba. Nataka kupaka chokaa nyumbani, na vumbi halimfai ndege. Nimwache kwenu siku mbili."

Bi. Chausiku akaifunua kanga, akachungulia.

"Mayasa! Umetuletea ndege au kuku wa kupika? Mbona umeshamnyonyoa, bado kumtia bizari tu?"

Wakaangua kicheko. Bi. Mayasa akaona midomo yake nayo inatanuka bila kumwomba ruhusa.

Chokaa haikupakwa, bila shaka. Bi. Chausiku hakuiuliza. Siku mbili zikapita, na tundu likabaki pale, mlango wazi, na kasuku juu ya boriti ya kibanda. Siku za kwanza alipiga komeo lake na kuuliza "Nani?" mpaka wanawake wakachoka.

"Huyu ni ndege au ni askari?" aliuliza mkwe mmoja. "Kila saa nani, nani!"

"Muulize alikotoka," alijibu Bi. Chausiku, halafu akamtazama Bi. Mayasa.

Maana Bi. Mayasa alikuwa pale. Nyumbani kwake sasa hata komeo halikulia, na kimya kile kilimpanda kama siafu. Aliketi, akainuka. Akavuka uchochoro kupeleka bakuli la mtama. Kesho yake akaja kulichukua bakuli. Siku nyingine akaja kuuliza kama bakuli lilikuwa lake. Mwishoni Bi. Chausiku akamsukumia kigoda na jiwe.

"Shoga, bakuli limekwishazoea njia. Keti ugonge kokwa."

Akaketi. Kofia alishona alfajiri, mkono ukiwa mwepesi na watu wamelala, na jua likipanda alikuwa uani. Kasuku alichukua kokwa mkononi kama mtu, akaipasua, akatupa makapi kwenye vilemba vya watu. Komeo alilisahau. Akashika maneno ya pale, hasa lile ambalo Bi. Chausiku huwapigia mabinti: "Twanga, mvivu we!" Na kifuani yakaota manyoya, mafupi, laini, kama majani baada ya mvua ya kwanza.

Bi. Mayasa alifurahi, lakini kila lori liliponguruma barabarani jiwe lilimponyoka. Atasema nini?

Na siku ikafika. Sudi alisimama kizingitini kwa mama yake, viatu mguuni, gunia la mtama begani. Akapiga hodi. Kimya. Akavuta komeo, mlango una kufuli. Akapiga tena na tena, maana tangu azaliwe hajaukuta mlango ule una kufuli mchana. Yeye ndiye akawa mtu wa kwenda huku na kurudi kule. Akachungulia dirishani, kulabu ipo, tundu halipo. Dereva akapiga honi, wala hakumsikia. Ndipo akasikia kicheko ng'ambo ya uchochoro, na ndani yake kicheko kimoja alichokijua utotoni, akakisahau.

Akaingia uani bila hodi.

"Twanga, mvivu we!" kasuku akampokea kutoka juu ya boriti.

Mabinti walitaka kucheka, wakaona uso wake, wakaacha.

"Mama, huyu si ndege wangu?"

"Ndiye."

"Anafanya nini hapa? Kumbe umemtoa! Kitu nilichokupa kwa mkono wangu?" "Alikukosea nini? Mimi nimekukosea nini? Mtama sikuuleta? Huu hapa, gunia zima! Kuna siku ulikosa kitu, mama?"

"Sikukosa kitu."

"Basi kwa nini?"

Barabarani lori likapiga honi tena. Bi. Mayasa akasikia neno lake likipanda kooni, neno la siku nyingi. Safari hii hakulimeza. Aliweka jiwe chini, akapangusa mikono.

Wanawake wa ua ule hawakulisahau alilolisema. Walilibeba na madumu yao ya mawese hadi sokoni, soko likalisambaza, na tangu hapo, mtu akijivuna kwamba amemjazia mzee wake ghala ilhali hajaketi naye hata saa moja, huambiwa hilo. Sasa mnajua kwa nini nililisema leo, na nilimsemea nani.

Bi. Mayasa alimtazama mwanawe, na gunia lake begani, na viatu vyake vyenye vumbi la chumvi.

"Kasuku hashibi mtama, Sudi," alisema. "Na mimi ni hivyo hivyo. Sikutaka badala yako. Mwambie dereva aende zake, uvue viatu, uketi nami."